Lami Si Dawa ya Kila Kiwanja cha Ndege

Msomaji wa Kenya akisikia pakitajwa viwanja vya ndege vya kaskazini, mawazo yake hukimbilia Lodwar, Wajir, Mandera na Marsabit. Huko jua ni kali, safari ya barabara ni ndefu na ya kuchosha, na ndege iletayo daktari au dawa hupokewa kwa shukrani. Kaskazini ninayokusudia kuizungumzia leo ni nyingine kabisa. Ni kaskazini ya Canada, ambako bahari yenyewe huganda kwa miezi mingi na udongo ulio chini ya nyayo za watu haujapata kuyeyuka tangu enzi za kale. Nimeuchagua mfano huo kwa makusudi. Wahandisi wa huko wanasumbuliwa na swali ambalo sisi hudhani lilikwisha kujibiwa zamani, nalo ni kama kutia lami ni jambo la heri kila mahali.

Kwetu sisi lami imekuwa kipimo cha maendeleo. Mwanasiasa anayetafuta kura huahidi lami kabla hajaahidi maji, na mji uliopata lami huuona mji wa jirani usioipata kuwa bado umo gizani. Basi na tuitazame nchi tajiri, yenye mitambo na wataalamu wa kila namna, ambayo hata leo imeviacha viwanja vyake vingi vya kaskazini katika hali ya changarawe. Umaskini hautoshi kuwa sababu. Ardhi yenyewe inakataa.

Jimbo la Nunavut, lililoundwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni mbili, yaani zaidi ya mara tatu ya Kenya nzima. Wakazi wake ni takriban 40,000. Wengi wao ni wale ambao vitabu vyetu vya jiografia vilikuwa vikiwaita Waeskimo. Wao wenyewe hujiita Inuit, neno ambalo katika lugha yao maana yake ni watu tu. Wametawanyika katika makao 25, na hakuna hata barabara moja iunganishayo makao hayo na sehemu nyingine za Canada, wala iunganishayo mji mmoja na mwingine. Meli hufika wakati wa kiangazi pekee, barafu ya bahari inapopasuka. Miezi mingine yote, lango la kila mji ni njia yake ya ndege.

Mwalimu anayetaka kuwafahamisha wanafunzi wake maana ya maneno hayo awaulize ni vitu gani vingekoma kuwafikia iwapo njia hiyo ingefungwa kwa wiki mbili. Maziwa, mboga na matunda huja kwa ndege. Barua huja kwa ndege. Mwanamke mjamzito katika kijiji kidogo husafirishwa wiki kadhaa kabla ya siku yake, akajifungulie katika mji wenye huduma za uzazi, mbali na mama yake na watoto wake wengine. Mgonjwa aliyezidiwa usiku hungoja ndege ya dharura, na rubani wa ndege hiyo hungoja habari tatu kutoka chini: taa zinawaka, upepo si mkali, na njia inaweza kubeba magurudumu yake. Sisi tuliozoea habari za madaktari warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Njia ya ndege katika mahali pa mbali ni sehemu ya hospitali.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe.

Ardhi iliyoganda daima ni udongo, mchanga au mwamba ambao joto lake halipandi juu ya sifuri kwa miaka miwili au zaidi mfululizo. Mahali pengi huko imeganda kwa maelfu ya miaka. Tabaka la juu tu, lenye kina cha nusu mita hadi mita mbili kulingana na mahali, ndilo huyeyuka kiangazi na kuganda tena majira ya baridi. Ikiwa chini ni mwamba mtupu, mhandisi hana shida kubwa. Ikiwa ni udongo uliochanganyika na barafu, mambo hugeuka. Barafu ni ngumu mithili ya saruji maadamu imeganda. Ikiyeyuka huwa maji, maji hutiririka au husimama, na udongo uliokuwa umeegemea juu yake hushuka. Wakenya waliojenga nyumba juu ya ule udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi wanayajua mateso ya kujenga juu ya kitu kisichotulia. Hata hivyo udongo wetu mweusi huvimba na kunywea kisha hurudi ulivyokuwa. Barafu ya kale ikishayeyuka chini ya jengo hairudi tena, wala shimo lililoachwa halijizibi.

Hapo ndipo lami inapoingia na visa vyake. Lami ni nyeusi, na kitu cheusi hunywa joto la jua. Kila mwanafunzi aliyepita uani bila viatu saa saba mchana anaijua kanuni hiyo kwa nyayo zake. Katika nchi ambako jua la kiangazi linaweza kukaa juu ya upeo wa macho usiku na mchana kwa wiki nyingi, njia pana ya lami yenye urefu wa kilomita mbili ni jiko linalowashwa juu ya barafu. Changarawe, yenye rangi ya kijivu na matundu ya kupitisha hewa, haipashi moto kiasi hicho. Tena changarawe ikizama, greda huleta nyingine na kusawazisha kwa siku moja. Lami ikizama hupasuka, maji huingia katika nyufa, huganda, huvimba na kuzipanua, na kuitengeneza kwataka mitambo ambayo pengine haipatikani mjini.

Wako waliojaribu kumdanganya jua. Katika kituo cha kijeshi cha Wamarekani huko Thule, kaskazini-magharibi mwa Greenland, ambacho tangu mwaka 2023 kinaitwa Pituffik, njia ya ndege ilipakwa rangi nyeupe katika miaka ya 1950 ili irudishe mwanga angani badala ya kuumeza. Hila hiyo ilipunguza kuyeyuka kwa ardhi. Ila rangi ikilowa huteleza, magurudumu hayashiki sawasawa, na rangi yenyewe huchakaa na kudai kupakwa tena. Jeshi lenye fedha nyingi laweza kuimudu kazi hiyo. Halmashauri ya kijiji haiwezi.

Adui mwingine ni theluji, na hapa wengi wetu hushangaa, kwa kuwa tungedhani theluji huipoza ardhi. La, huifunika. Theluji nyingi ni blanketi. Greda likifagia njia ya ndege husukuma theluji pembeni, nayo hurundikana chini ya kingo za tuta. Pale iliporundikana, baridi kali ya Januari haiwezi kupenya kuigandisha ardhi barabara, na kiangazi kinapofika ardhi hiyo ndiyo inayotangulia kuyeyuka. Kingo hulegea, hubomoka, na mipasuko huanza kutambaa kuelekea katikati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval, katika jimbo la Quebec, wamefanya majaribio katika kijiji cha Tasiujaq ili kuona kama kingo zilizojengwa kwa mteremko wa polepole, au kwa mawe makubwa yanayopitisha hewa baridi, zinaweza kulinda tuta la njia ya ndege. Ni utafiti usio na fahari. Matokeo yake huonekana baada ya miaka, na hayafunguliwi rasmi kwa kukata utepe.

Watafiti wa chuo hicho hicho walikwenda pia Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut. Uwanja wa Iqaluit ulianzishwa na jeshi la Marekani mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Mwinuit mmoja aitwaye Nakasuk ndiye aliyewasaidia wageni kuchagua mahali. Waliojenga walikuwa na haraka ya vita. Walifukia vijito, wakajaza mabwawa, wakasawazisha na kwenda zao. Miongo kadhaa baadaye lami ilianza kubonyea na kupasuka mahali fulani fulani bila sababu ya kuonekana kwa macho. Watafiti walichukua picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, wakazilinganisha na ramani ya nyufa, wakaona kwamba mengi ya madhara yalifuata mikondo ya maji iliyofukiwa na mishipa ya barafu iliyofunikwa tangu siku zile. Mzee aliyevuka kijito hicho utotoni angaliweza kuwaonyesha.

Iqaluit ilifanyiwa ukarabati mkubwa kati ya miaka 2013 na 2017, uliogharimu takriban dola milioni 300 za Canada, ikiwemo njia ya ndege kutiwa lami upya na jengo jipya la abiria kufunguliwa. Mji huo ni mkubwa kwa kadiri ya huko, una watu elfu saba na ushei, na ndege kubwa zivukazo kutoka Ulaya kwenda Amerika huutegemea wakati wa shida. Februari 2017 ndege ya Uswisi aina ya Boeing 777, iliyokuwa safarini kutoka Zurich kwenda Los Angeles, ilitua hapo baada ya injini moja kuleta matatizo, na injini nyingine ikabidi iletwe kwa ndege ya mizigo. Kwa mji kama huo lami inafaa, na sina ugomvi nayo.

Lakini hebu tuifikirie kazi yenyewe. Mawe hupasuliwa karibu na mji, kwani hayawezi kusafirishwa. Lami yenyewe, mitambo ya kuichemshia, magari ya kuitandaza na ya kuishindilia, vyote huletwa na meli. Meli haifiki kabla barafu ya bahari haijaachia njia, ambayo aghalabu ni Julai. Mwezi wa Septemba baridi imekwisha rudi. Lami huchanganywa ikiwa na joto la nyuzi zipatazo 150, nayo sharti ishindiliwe kabla haijapoa. Penye upepo wa Aktiki hupoa upesi mno. Kwa hiyo mjenzi ana wiki chache tu katika mwaka mzima. Meli ikichelewa au mtambo mmoja ukivunjika kifaa, kazi huahirishwa mpaka mwaka unaofuata. Wakati huo wote mji hauna njia nyingine ya ndege, na hauwezi kufungiwa lango. Wajenzi hutengeneza kipande kwa kipande, huondoa mitambo, hufagia kila kijiwe, hupisha ndege, kisha hurudi kazini. Sijui kazi ya ujenzi inayodai uvumilivu kuliko hiyo.

Changarawe nayo haijitunzi. Kila ndege irukayo hupeperusha vumbi, na vumbi hilo ndilo gundi inayoshikamanisha mawe. Likiisha, mawe hubaki yamelegea, yakaruka na kupiga mbawa, magurudumu na mapanga ya injini. Dawa yake ni kunyunyizia maji au chumvi ya kalsiamu ishikayo unyevu, kushindilia, kusawazisha na kuongeza changarawe mpya. Majira ya baridi njia hiyo huganda ikawa ngumu na laini. Matata huja masika, theluji inapoyeyuka na tuta kulowa. Ndipo dereva wa greda anapokuwa mtu muhimu kuliko meya. Akiwa amefunzwa vema na mtambo wake una vipuri, mji unaishi kama kawaida.

Kwa miaka mingi changarawe haikuwa kikwazo hata kwa ndege za jeti. Kampuni ya Boeing ilitengeneza vifaa maalumu kwa ajili ya ndege yake aina ya 737-200: kinga nyuma ya gurudumu la mbele ili lisirushe mawe, na mabomba madogo mbele ya injini yanayopuliza hewa ili kuvuruga kimbunga kidogo kinachoweza kunyonya kokoto kutoka chini. Nyingi kati ya ndege hizo zilikuwa na ukuta wa kusogezwa, mizigo ikikaa mbele na abiria nyuma, na ukuta huo ukasogezwa kulingana na shehena ya siku. Ilikuwa ndege iliyoifahamu kaskazini. Bahati mbaya, utengenezaji wake ulikoma mwaka 1988. Aina za 737 zilizofuata zina injini pana zinazokaribia ardhi, na hazikuruhusiwa kutua penye mawe. Ndege kuukuu zilizobaki zinanywa mafuta mengi na vipuri vyake ni vya kutafutwa. Zikistaafu zote, mji wa changarawe utabaki na ndege za mapanga, kama ATR 42, ambazo ni imara na hutua kwenye changarawe bila wasiwasi, lakini huenda polepole na hubeba shehena ndogo zaidi.

Kwa sababu hiyo wako wanaosema: tia lami kila mahali, jeti mpya zije. Naifahamu hamu yao. Bei ya nyanya katika miji hiyo hutisha, na ndege kubwa ingeweza kuishusha. Ila nadhani hoja hiyo inauweka mji chini ya amri ya ndege, ilhali ndege ndiyo iliyopaswa kuutumikia mji. Katika Nunavut yote, kati ya makao 25, ni Iqaluit na Rankin Inlet pekee zilizo na njia za lami. Kutia lami viwanja ishirini na zaidi vilivyosalia, juu ya ardhi inayoanza kuyeyuka katika eneo linalopata joto zaidi ya mara tatu ya wastani wa dunia, ni kujitwika madeni ambayo wajukuu wataendelea kuyalipa kwa kuziba nyufa. Mahali penye mwamba, na itiwe. Mahali penye udongo wa barafu, heri greda mbili nzuri, taa zisizozimika, vipimo vya hali ya hewa vinavyoaminika na akiba ya changarawe iliyokwisha sagwa. Orodha hiyo haina mvuto wa lami, na ndiyo maana hakuna mwanasiasa anayeipigia kampeni.

Swali la nani alipe lina historia. Mwaka 1994 serikali kuu ya Canada ilitangaza sera mpya ya viwanja vya ndege, ikajiondoa katika uendeshaji wa vingi na kuviacha mikononi mwa majimbo na miji. Mwaka uliofuata ikaanzisha mfuko wa kusaidia matengenezo, na kwa miaka mingi mfuko huo uligawa takriban dola milioni 38 kwa mwaka kwa viwanja vidogo vya nchi nzima. Ili kiwanja kistahiki kuomba, sharti la kawaida lilikuwa kiwe na abiria wa safari za ratiba wasiopungua 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Canada alichunguza viwanja 117 vya mbali vya kaskazini. Alieleza upungufu wa taa, wa habari za hali ya hewa na wa habari za hali ya njia zenyewe, kisha akasema kwamba wizara ya uchukuzi haikuongoza juhudi zozote za pamoja za kuyashughulikia mahitaji hayo. Maneno ya wakaguzi huwa baridi, lakini yale yalichoma.

Linganisha na Inuvik, katika jimbo jirani la Northwest Territories. Uwanja wake ulijengwa katika miaka ya 1950 kwa hekima ambayo wengi waliisahau baadaye: badala ya kukwangua kuvu na majani yaliyoifunika ardhi, wajenzi walimwaga mawe kwa unene mkubwa juu yake, blanketi hilo la asili likabaki kuilinda barafu. Mwishoni mwa mwongo wa 2010 zilipatikana dola milioni 150 za kuirefusha njia yake kutoka futi 6,000 hadi 9,000. Fedha hizo zilitoka upande wa ulinzi wa taifa, kwa kuwa ndege za kivita huutumia uwanja huo. Siwalaumu wanajeshi. Nasema tu kwamba hakuna aliyeuliza Inuvik ina abiria wangapi.

Nenda sasa hadi Grise Fiord, kijiji cha raia kilicho kaskazini kuliko vyote nchini Canada, chenye watu mia moja na kitu. Njia yake ni fupi, ya changarawe, imebanwa kati ya mlima na bahari, na inayotua hapo ni ndege ndogo aina ya Twin Otter, yenye viti visivyozidi 19. Watu hao hawakuchagua kuishi huko. Serikali iliwahamisha mwaka 1953 kutoka Inukjuak, kilomita zipatazo 2,000 kusini, na kutoka Pond Inlet, ikiwaahidi mawindo mengi; wao wameshikilia daima kwamba walipandwa pale kama bendera, ili Canada iweze kudai visiwa vile ni vyake. Mnamo Agosti 2010 serikali iliwaomba radhi rasmi. Njia yao ya ndege ni sehemu ya deni hilo, na greda linaloisawazisha litahitaji mafuta, vipuri na dereva aliyefunzwa mwaka huu, na mwaka ujao, na hata ule mwaka ambao abiria hawatatimia idadi.